Muhuri haufungi mkataba

Barabara itokayo Nzega inagawanyika Tinde. Mkono mmoja unakwenda Shinyanga hadi Mwanza, mwingine unashika Isaka na Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda. Malori yanapumzika hapo, magunia ya mpunga na dengu yanapakiwa, na kutwa nzima watu wanapeana maneno. Bei inatajwa, simu inapigwa, pesa inaingia. Mwezi unapita, mmoja anakana, na mwenzake anakuja ofisini kwa wakili na kauli niliyoizoea kuliko zote: "Hatukuandikishana, kwa hiyo sina changu."

Nyuma yake kwenye benchi kuna mwingine mwenye bahasha. Karatasi yake ina picha za pasipoti, dole gumba, saini za mashahidi wanne, muhuri wa kijiji na muhuri wa wakili. Huyu hana wasiwasi hata kidogo. Kumbe mara nyingi yule wa kwanza ndiye mwenye mkataba, na wa bahasha ana karatasi tu.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haianzii kwenye karatasi. Kifungu cha 10 kinasema makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kisheria, kila upande ukitoa kitu halali kwa ajili ya kile unachopata, kwa lengo halali, na ikiwa hakuna sheria iliyoyatangaza kuwa batili. Muhuri haukutajwa. Shahidi si sharti la jumla. Maandishi yanatakiwa pale tu ambapo sheria nyingine imeyadai, na hapo ndipo wengi tunapojikwaa, kwa kuyadai yasipohitajika na kuyasahau yanapohitajika.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961, miezi kadhaa kabla ya uhuru wa Desemba, lakini maneno yake ni ya zamani zaidi. Waingereza walileta Tanganyika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ikatumika kuanzia miaka ya 1920, na ile ya 1961 iliinakili karibu kifungu kwa kifungu. Zanzibar nayo ilikuwa na yake ya 1917 kutoka ukoo huo huo. Kenya iliachana na India na kushika sheria ya Kiingereza. Uganda, kwa sheria yake ya 2010, imeamua kwamba mkataba wa thamani inayozidi shilingi zao laki tano lazima uandikwe. Sisi hatukufika huko, na binafsi naona tulifanya vizuri. Anayetaka kila neno la mnadani liandikwe ajaribu kwanza kununua gunia Tinde saa kumi na moja alfajiri, lori likiwa linaunguruma.

Tuanze na gunia hilo. Tuseme mkulima anasema mpunga wake ni elfu themanini kwa gunia. Mnunuzi anajibu: "Mzee wangu, nakupa sabini." Mzee anakataa: "Sabini hapana, mwanangu." Mnunuzi anaondoka, anazunguka soko, anaona bei kwingine ni kali zaidi, anarudi: "Haya mzee, themanini, tupakie." Wakati huo mzee ameshapewa tisini na mtu wa Kahama. Mnunuzi anang'aka kwamba mzee amevunja mkataba, maana yeye amekubali bei ile ile iliyotajwa mwanzo.

Hakuna mkataba uliovunjwa. Kukubali, kwa kifungu cha 7, lazima kuwe kamili, bila nyongeza wala upungufu. Aliposema sabini hakukubali chochote. Alitoa toleo lake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo aliua la mzee. Kesi ya Uingereza ya 1840, Hyde dhidi ya Wrench, ilihusu shamba ambalo mwenyewe alijitolea kuliuza kwa pauni 1,000. Mnunuzi akasema 950, akakataliwa, akarudi na 1,000. Mahakama ilimwambia kwamba ile 1,000 aliyokuwa anaikubali haikuwepo tena. Ila kuna mpaka mwembamba ambao wenye busara ya soko wanaujua bila kusoma sheria: angeuliza tu, "Mzee, huwezi kunipunguzia?", hilo ni swali, si toleo jipya, na themanini ya mzee ingebaki hai mpaka aiondoe mwenyewe au muda wake upite.

Siku hizi nusu ya maneno haya yanasemwa kwa simu, na hapo inazuka kesi ninayoipenda kwa sababu imetoka kwenye biashara tunayoijua. Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Bhagwandas dhidi ya Girdharilal lililoamuliwa mwaka 1965, iliwakuta wafanyabiashara wawili wanabishania mashudu ya mbegu za pamba. Mnunuzi alikuwa Ahmedabad, akapiga simu kwa mwenye kinu aliyekuwa Khamgaon, akataja bei, akakubaliwa. Mkataba ulizaliwa wapi: pale "ndiyo" ilipotamkwa au pale iliposikika? Majaji wengi walisema iliposikika. Mmoja, Hidayatullah, alipinga. Alisema maneno ya kifungu cha 4 yanaelekea upande wa pili, maana kifungu hicho kinamfunga mtoa toleo tangu jibu linapotoka mikononi mwa anayekubali, kama barua inavyodondoshwa posta. Kifungu chetu cha 4 ni hicho hicho. Kwa mkulima wa Tinde aliyetaja bei na mnunuzi wa Kahama aliyeikubali kwa simu, jibu la swali hilo linaweza kuamua kesi ifunguliwe wilaya gani, na nauli ya mashahidi ailipe nani. Na kama mazungumzo yalikuwa ya meseji, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayatambua. Mkataba hauwi dhaifu kwa sababu umefungwa kwa WhatsApp. Msifute meseji zenu.

Kuna jambo jingine linaloharibu mapatano mengi ya mazao kuliko udanganyifu. Kifungu cha 13 kinadai watu wawe wamekubaliana juu ya kitu kile kile kwa maana ile ile. Sasa, gunia ni nini? Muuzaji anafikiria debe sita. Mnunuzi anafikiria lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linafanana na mwanamke aliyejitwisha mtungi. Wote wawili wamesema "gunia hamsini" mbele ya mashahidi, na wote wawili wanasema kweli. Kama kweli kila mmoja alikuwa na gunia lake kichwani, na hakuna kitu katika mazungumzo au mazoea yao kinachoonyesha lipi lilikusudiwa, basi hawakukubaliana. Mwaka 1864 huko Uingereza, katika Raffles dhidi ya Wichelhaus, ilikuwa pamba ya kutoka Bombay kwa meli iitwayo Peerless. Kumbe zilikuwepo Peerless mbili, moja imeng'oa nanga Oktoba na nyingine Desemba, na kila mtu alikuwa na yake akilini. Mnunuzi aliachiwa. Lumbesa, kwa taarifa, imepigwa marufuku na sheria ya vipimo na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo mia, kwa hiyo anayetaka mahakama itambue gunia lake la kilemba ana mlima wa pili wa kupanda. Neno "kilo" lina herufi nne tu, na mizani Tinde ipo.

Nilisema kuna mahali maandishi yanadaiwa. Pa kwanza panachekesha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mkataba wa bidhaa za shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani mpaka moja kati ya mambo matatu litokee: mnunuzi apokee sehemu ya mzigo, atoe kitu cha kufunga mapatano au malipo ya sehemu, au pawepo maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Zamani mia mbili ilikuwa pesa ya maana. Leo haikupi hata chai na andazi, na kwa hiyo karibu kila gunia linaangukia hapo. Ndiyo maana advansi ina uzito ambao wengi hawaujui. Tuseme mnunuzi alitanguliza elfu hamsini asubuhi; hiyo haikuwa heshima tu. Ndiyo iliyoyapa maneno yao mlango wa kuingilia mahakamani.

Mkataba wa bodaboda nao ni wa hapa kwetu kabisa, na unaonyesha ugonjwa tofauti. Kijana anapewa pikipiki, anapeleka hesabu kila siku kwa miezi kumi na miwili au zaidi, kisha pikipiki inakuwa yake. Karatasi ya mapatano hayo ina mihuri ya kutosha, lakini ndani ina mistari mitano. Haisemi siku ya ugonjwa inahesabiwaje. Haisemi pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi na moja hasara ni ya nani, wala kadi itabadilishwa jina lini na kwa gharama ya nani. Kifungu cha 29 kinasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Sheria ya India ina mfano wa mtu anayekubali kuuza "tani mia za mafuta" bila kusema mafuta gani. Mkataba wa bodaboda kwa kawaida haufiki kwenye ubatili, maana kiini chake kinaeleweka. Lakini pale ulipokaa kimya hakimu atalazimika kujaza, na atakachojaza hakitampendeza walau mmoja wao. Watu wanalipia muhuri na kubania maneno. Ningekuwa na uwezo ningewabadilishia: mihuri mitatu ipungue, aya tatu ziongezeke.

Sasa twende kwenye dhahabu, maana kuanzia Mwakitolyo hadi Nyarugusu na Rwamgasa ndiko makubaliano ya mdomo yanakobeba pesa nyingi kuliko kokote. Duara moja, yaani shimo la uchimbaji, linaweza kuwa na watu wa namna tano: mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara, mfadhili anayeleta chakula, matimba na baruti, na vijana wanaoshuka chini. Yote yanashikwa na sentensi moja, kwamba mawe yakitoka tutagawana. Je, tunagawana kabla au baada ya kutoa gharama za mfadhili? Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, ni ya nani? Mazoea ya eneo yanaweza kujibu, na mahakama inaweza kuyasikiliza yakithibitishwa, ila kila machimbo yana mazoea yake na kila mtu ana shahidi wake.

Hilo la mgawanyo bado ni dogo. Swali zito ni la lengo halali. Kifungu cha 23 kinaua makubaliano yoyote ambayo lengo lake limekatazwa na sheria, na katika madini yaliyokatazwa ni mengi. Madini yote ni mali ya Jamhuri. Mwenye shamba ana haki zake za juu ya ardhi na fidia yake, lakini akikuuzia "mgodi" bila leseni amekuuzia kitu ambacho hakuwa nacho. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania au kampuni ya Watanzania watupu. Mgeni anayejificha nyuma ya jina la mwenyeji, akaandika mkataba wa siri kwamba leseni kwa kweli ni yake, ameandika ushahidi dhidi ya nafsi yake. Biashara ya dhahabu bila leseni ya uwakala au ya ununuzi imekatazwa, na tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019 hakuna tena kisingizio kwamba pa kuuzia halali ni mbali.

Kwa hiyo mtu aliyetoa milioni kumi achukuliwe dhahabu ya gizani, asiletewe, anakuja kwa wakili na karatasi safi yenye dole gumba. Kifungu cha 65 kinasema makubaliano yakibainika kuwa batili, aliyenufaika arudishe. Ni kweli, na kimewaokoa wengi waliolipa bila kujua kasoro. Lakini wawili walioshirikiana kwa macho makavu kufanya kilichokatazwa, mahakama huwa inawaacha pale pale ilipowakuta, na pesa inabaki kwa aliyeishika. Muhuri wa wakili hautakasi. Wakili aliyeugonga naye ana maswali ya kujibu.

Kanuni hiyo haikai machimboni tu. Msimu ambao serikali imeelekeza choroko au dengu ziuzwe mnadani kupitia stakabadhi ghalani, mapatano ya kununua kwa kificho shambani yanaingia kwenye hatari hiyo hiyo, na mkulima aliyekwisha kula advansi asidhani mnunuzi peke yake ndiye atakayehojiwa.

Na kijana wa miaka kumi na sita aliyeko duarani? Mkataba wake haupo, maana uwezo wa kufunga mkataba unaanza miaka kumi na minane, na sheria ya ajira ya 2004 inakataza mtoto wa umri huo kuajiriwa mgodini. Aliyemshusha asitumie ubatili huo kama ngao ya kutomlipa, kwani huo uliwekwa kumlinda mtoto.

Hiari nayo ina mtihani wake wa nchi hii. Kuna karatasi za kukiri deni zinazoandikwa kituoni, mdaiwa akiwa amevua mkanda na viatu, ameambiwa atatoka akisaini. Deni ni suala la madai, si jinai, na kumshikilia mtu ili akiri deni si kazi ya polisi. Kifungu cha 15 kinahesabu kuwa shuruti kitendo chochote kilichokatazwa na sheria ya jinai, au tishio lake, kinachotumika kumfanya mtu akubali, na kumzuia mtu isivyo halali ni kosa. Mkataba wa namna hiyo haujafa wenyewe. Unabatilika kwa hiari ya aliyeshurutishwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Akitoka kituoni akaanza kulipa kidogo kidogo kwa miezi minane bila kulalamika popote, atapata shida kumweleza hakimu kwamba hakuridhia. Anayetaka kuukataa aukatae mapema, kwa maandishi.

Upande wa pili, umaskini peke yake si shuruti. Aliyeuza mpunga mbichi shambani mwezi Februari kwa bei ya aibu ili alipe ada, ameuza. Bei ndogo inaweza kumfanya hakimu aangalie kwa makini kama kulikuwa na hiari, hasa mnunuzi akiwa ndiye anayemkopesha na kumshikilia kwa namna nyingine, lakini haiui mkataba. Mahakama ya Rufani, katika Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers mwaka 2000, iliweka wazi kwamba haitamfungulia mtu mlango wa kutokea kama hakukuwa na udanganyifu, kasoro ya uwezo au sera ya umma inayozuia. Wengi tunaona ni ukali. Bila ukali huo hakuna atakayetoa advansi.

Ardhi ndiyo inayogeuza kila kitu nilichosema mwanzo. Hapa neno la mdomo halitoshi: Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki uwe wa maandishi na usainiwe na anayedaiwa. Na kwa ardhi ya kijiji maandishi hayatoshi vilevile, lazima halmashauri ya kijiji iridhie. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo katika kesi ya Methuselah Nyagwaswa ya mwaka 1985, kabla hata ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kuliandika. Muhuri wa mtendaji pembeni ya karatasi si ridhaa ya halmashauri. Ridhaa inatoka kikaoni, ina muhtasari, ina tarehe. Yule mwenye bahasha, aliyenunua ekari zake mbele ya mashahidi wanne, swali langu la kwanza kwake huwa ni kama muhtasari huo upo, na la pili kama ushuru wa stempu umelipwa, kwani hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe.

Kuna mchezo mwingine kwenye mauzo ya viwanja: bei halisi milioni kumi na mbili, karatasini inaandikwa nne ili kodi ipungue. Sheria ya Ushahidi inasema makubaliano yakishaandikwa, maneno ya mdomo hayaruhusiwi kuyapinga wala kuyaongeza, isipokuwa kwa sababu chache kama udanganyifu. Muuzaji akilipwa nne na kudai nane zilizobaki, karatasi aliyoitunga mwenyewe ndiyo itakayomnyamazisha. Na akitaka kueleza kwa nini iliandikwa nne, atakuwa anaungama kosa la kodi mbele ya hakimu.

Yule wa kwanza, aliyedhani hana chake, huwa na bahati kuliko anavyojua, ila bahati hiyo ina mwisho. Madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita tangu ulipovunjwa; ya ardhi kumi na miwili. Lakini Sheria ya Ukomo ina kipengele ambacho wadaiwa wangekijua wangeogopa simu zao: mdaiwa akilipa sehemu ya deni ndani ya muda, saa inaanza kuhesabu upya kuanzia siku hiyo. Elfu ishirini iliyotumwa kwa M-Pesa mwaka wa tano, pamoja na salamu za Krismasi, ili mdai apoe kidogo, imemnunulia mdai miaka mingine sita.